Vita vya Mzee Wabwile na Mstari wa Kwanza wa Mahindi

Njooni, enyi mnaochambua maharagwe barazani, nanyi mliosimama foleni tangu alfajiri mkaambiwa sistimu imelala. Sogeeni, punguzeni redio, fungeni mbwa. Habari za majemadari waliovuka mito mikuu na kuteka miji yenye kuta zimeandikwa mpaka wino ukaisha, na sanamu zao zimejengwa kwa kodi zenu. Lakini habari za mtu aliyeketi chini kwenye udongo akainuka mwenyewe, hakuna aliyeziandika, kwa kuwa waandishi hulishwa na wakubwa, na wakubwa hawainuki, huinuliwa. Basi leo zinaandikwa. Ni habari za Wabwile, Mnywaji wa Kikombe Kimoja, Ngao ya Mpakani, Mtu wa Jumatatu na Alhamisi, na za vita alivyopigana na mstari mmoja wa mahindi mbele ya trekta, mbele ya mwanawe, na mbele ya kuku wote wa boma lile.

Boma lenyewe liko kule ambako Bungoma inaishia na Trans-Nzoia inaanzia, kando ya barabara iendayo Kitale, ile ambayo huwekwa lami kila uchaguzi kwa maneno. Zamani Wabwile alikuwa pande la mtu. Alipakua magogo katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, na wenzake walisimulia kwamba gogo lilipomwona lilijisogeza lenyewe. Kisha figo zake mbili, zilizokuwa zimeajiriwa kwa masharti ya kudumu na hazikuwahi kunyimwa chochote, zikaacha kazi siku moja bila notisi, kama makarani wanaotundika koti kwenye kiti na kupotea hadi jioni. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, huenda Kitale akalala kando ya mashine ambayo huichota damu yake, ikaifua, ikamrudishia. Maji amewekewa kikombe kimoja kwa siku. Mkono wake wa kushoto, ulioshonwa mshipa wa kuingizia sindano, hunguruma ukiuwekea sikio, kama kinu cha unga kilicho mbali, nao umekatazwa kubeba hata ndoo.

Hayo yote aliyavumilia. Adui aliyemshinda kwa muda mrefu alikuwa huruma. Huruma iliingia bomani ikamnyang'anya ndoo, ikamnyang'anya fagio, ikamfungia kamba za viatu. Akishika panga, panga linachukuliwa kwa upole. Akitaka kwenda kuona ndama, anaambiwa ndama ataletwa. Wakamwekea kiti cha mbao barazani, na pale akakaa mwaka mzima, mpaka ikawa vigumu mgeni kujua kama yeye ni mtu wa boma au ni sehemu ya fanicha. Mapaja yaliyobeba magogo yakakonda yakawa kama mpini. Ikafika siku Wabwile akagundua kwamba haondoki kwenye kile kiti bila kuvutwa mkono, na yeyote aliyemvuta alimwambia pole, na kila pole ilimkalisha zaidi.

Mkuu wa majeshi ya huruma alikuwa mwanawe, Tonny. Huyu Tonny alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mbolea ya ruzuku katika wadi yao, mbolea ambayo ilifika kila mahali isipokuwa shambani, na sasa alikuwa anatafuta kiti kikubwa zaidi, cha udiwani. Kampeni hutaka pesa. Basi akafikiria shamba la baba yake, ambalo lilikuwa limeshalimwa kwa maksai na linangoja mvua, akampata mtu wa Kitale aitwaye Rotich, mkulima mwenye trekta jekundu, wakaelewana kwamba Rotich akodi shamba lote, kuanzia msimu ule, miaka mitano. Tonny alilieleza jambo hilo kama dawa. Mzee ni mgonjwa, hawezi, apumzike. Wakubwa wote huanza hivyo. Hata wale wa juu kabisa, wakitaka kukuchukulia kitu, kwanza hukwambia umechoka.

Lakini katika ukoo wa Wabwile ipo sheria iliyo ya zamani kuliko kaunti, nayo hufuatwa, jambo ambalo kaunti haijalizoea. Mvua ya kwanza ikishanyesha, mwenye boma hufungua upanzi kwa mstari mmoja, wa kwanza, kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwisho wa pili, yeye peke yake. Akiumaliza, shamba limepandwa. Halikodishwi, halipitishwi trekta, mpaka mavuno. Akishindwa katikati na mwingine akaumaliza, au mwingine akamshika tu mkono ili amalize, mstari ni wa huyo mwingine, na shamba linafuata mstari. Tonny aliijua sheria hiyo vizuri sana. Ndiyo maana alimwambia Rotich asiwe na wasiwasi, mzee hata kitini hainuki.

Na yupo mtu wa tatu katika habari hizi, Nakhumicha, mke wa Tonny, mama yake Joy. Shamba likikodishwa, yeye ndiye angekuwa akienda dukani kununua unga huku anatazama mahindi ya Rotich kutoka mlangoni, na jambo hilo lilimkera. Lakini angefanya nini? Kwa desturi yao mkaza mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, wala hataji kiungo chochote cha mwili mbele yake. Chakula humwekea juu ya stuli, akarudi nyuma, ndipo mzee asogee. Kwa hiyo katika lile jeshi lote la kumvuta mzee mkono, Nakhumicha peke yake hakuwahi kumvuta.

Hata ikawa Alhamisi moja ya Machi, mawingu yakasimama juu ya Mlima Elgon kama wazee wanaosubiri kesi ianze. Wabwile aliyatazama kutoka kwenye gari la kuazima ambalo Tonny alimpelekea Kitale, akajua zimebaki siku mbili kabla ya kupanda. Mbegu hana. Akamwambia mwanawe wasimame mjini, anunue peremende za kulamba dhidi ya kiu. Tonny akabaki garini na simu yake. Wabwile akajikokota hadi agroveti, duka la pembejeo, akanunua pakiti ya mbegu ya kilo mbili, na kwa ujanja wa jasusi anayepita lango la adui akaipenyeza kati ya fulana na sweta, akafunga koti vifungo vyote, akatoka na peremende mkononi.

Sasa jueni namna kazi ya mashine ile ilivyo. Mtu ambaye figo zake zimegoma, maji anayokunywa hayatoki, hujilimbikiza mwilini. Basi kabla ya kuunganishwa hupimwa uzito, na kilichozidi juu ya uzito wake wa kawaida huhesabiwa kuwa ni maji, na mashine huambiwa iyatoe. Muuguzi wa zamu alikuwa Chepkemei, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Wabwile akapanda mzani na koti lake. Chepkemei akatazama namba, akamtazama mzee, akatazama namba tena.

"Mzee Wabwile. Umekunywa nini wewe?"

Hapo shujaa akasimama kwenye njia panda. Upande mmoja, kukiri mbegu. Na Tonny alikuwa mlangoni, ameshika bahasha ya bima, masikio wazi. Upande wa pili, kukiri dhambi ambayo hakuitenda. Watu wadogo wangebabaika. Wabwile akainua kidevu, kama mfalme anayesalimisha upanga ili kuokoa mji.

"Nilikunywa chai," akanena.

"Chai ngapi?"

"Za kutosha."

"Chai peke yake haiwezi fika hapa. Ulikunywa na uji?"

"Na uji pia, binti yangu. Usinifiche aibu, andika yote."

Kwenye kiti cha jirani, sindano zake zimeshachomekwa mkononi, alikuwa Jeruto, mama mkulima wa viazi kutoka miteremko ya Elgon, ambaye alimjua Wabwile kwa mwaka mzima wa Jumatatu na Alhamisi. "Si uongeze na supu, mzee," akasema bila kufungua macho. "Ukiungama, ungama mara moja."

Chepkemei akamkemea kwa muda unaotosha kupika mayai, kisha akaiambia mashine itoe kilo zote zilizozidi.

Mashine ni kitu cha uaminifu, tofauti na wanaoinunua; ikitumwa, hutenda. Ilitafuta yale maji ya chai na uji. Haikuyapata, maana hayakuwapo, na mahindi makavu hayana maji. Ikachukua ya Wabwile. Saa ya kwanza alikaa kimya na ushindi wake. Saa ya pili jasho lilimtoka. Saa ya tatu mguu wa kulia ulimkunja kwa mkazo hata vidole vikatazama magotini, kisha wa kushoto ukaona wivu nao ukakunja, na dari ya wadi ikaanza kupanda juu polepole kama bei ya sukari. Aliuma meno. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa heshima, kwamba anaona nyota na hajui ni za nani.

Chepkemei alifika kabla hajamaliza sentensi. Akashusha kichwa cha kiti, akainua miguu yake, akamrudishia maji ya chumvi kupitia mpira uleule, akafungua lile koti ili apumue. Pakiti ya mbegu ikateleza, ikaanguka sakafuni kwa mshindo ambao wadi nzima iliusikia.

Jeruto akafungua jicho moja. "Hiyo ndiyo chai?"

Hakuna aliyecheka haraka. Chepkemei aliiokota ile pakiti, akaipima kwa mkono, na uso wake ukapita hasira, ukapita hofu, ukafika mahali ambapo hapana jina. Alimweleza kwamba mchezo huo ungemuua. Kwamba ametolewa maji ya damu yake mwenyewe kwa ajili ya mahindi. Kwamba wiki ijayo atapimwa bila koti, bila viatu, na ikibidi bila aibu. Kisha akauliza mbegu ni za nini. Wabwile akamwambia. Muuguzi akamwita Tonny, akampa pakiti na maagizo. Leo apumzike kabisa, akasema. Kuanzia kesho aanze kutembea, na kazi ndogo ndogo afanye, polepole, akichoka apumzike, aendelee tena, mkono wa kushoto tu ndio asiutumikishe. Watu wa mashine wakikalishwa kwenye kiti miguu yao inakwisha, na huyu miguu imeshaanza kuisha.

Maneno yalikuwa marefu kiasi. Tonny alisikia "apumzike kabisa," kisha simu ikalia, ilikuwa ya mtu wa kampeni, akatoka nje kuijibu. Na hiyo nusu ndiyo aliyoibeba hadi nyumbani, akaitangaza kwa kila aliyekutana naye, kama wakubwa wanavyozoea kutangaza nusu ya ripoti.

Njiani kurudi aliongea bila kugeuka. "Baba, imetosha sasa. Umeona mwenyewe. Jumamosi Rotich analeta trekta."

"Jumamosi nitakuwa shambani kabla yake."

"Na miguu gani, Baba?"

Swali lilikuwa la haki ingawa muulizaji hakuwa wa haki. Wabwile alitazama mashamba ya watu yakipita dirishani, mengi yameshalimwa, akafikiria mkewe. Nasambu alikuwa amefariki mvua ya tatu iliyopita, katika zahanati ambayo ilipakwa rangi mara mbili mwaka ule kwa sababu wageni wakubwa walikuwa waje, na sindano ya kumsaidia haikuwapo hata moja. Ukuta ulikuwa mzuri sana. Wabwile aliukumbuka mpaka leo, kijani chini, krimu juu.

Walipofika, Tonny alitupa ile pakiti ya mbegu nyuma ya gari, akasema itauzwa. Jioni hiyo hiyo Nakhumicha alienda kutoa viazi garini. Asubuhi ya Ijumaa mzee alipofungua mlango, akakuta stuli imewekwa kizingitini, na juu ya stuli, pakiti. Nakhumicha alikuwa kwa mbali, anafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha. Siku nzima Wabwile alitembea, kutoka barazani hadi zizini, kutoka zizini hadi barazani, akishika ukuta, akipumzika, akiendelea, na kila Tonny alipomwona akamrudisha kitini, na kila Tonny alipoondoka akainuka tena, mara nyingine kwa kujaribu mara kadhaa. Kuku walipata tabu kuelewa msimamo wa serikali.

Na sasa, ee Jembe, wewe dogo la kupalilia, mwenye mpini uliokatwa, wewe ambaye hukuwahi kupewa tuzo siku ya mashujaa. Na wewe, Udongo, uliyepokea kila mtu bila kitambulisho. Tieni nguvu katika ulimi wa msimulizi, maana vita vinaanza.

Jumamosi kulipopambazuka Wabwile alikuwa amesimama kwenye ncha ya shamba, chini ya mikaratusi ya mpakani. Alikuwa amevaa gambuti na koti lake. Mbegu zilikuwa mfukoni, safari hii kwa haki. Jembe mkono wa kulia; mkono wa kushoto ameuweka nyuma ya mgongo, kama afisa anayekagua gwaride. Mbele yake mstari ulinyooka hadi ukingo wa barabara, na ingawa mtu mzima mwenye afya angeumaliza kabla chai haijapoa, kwake ulikuwa mrefu kama ahadi. Akakohoa, akauhutubia mstari.

"Ewe mstari," akasema, "nimekupanda tangu ndevu zangu hazijaota. Baba yangu alikupanda na mkoloni akiwa amesimama pale. Leo sina figo, sina mapaja, na maji yangu ya leo bado sijayanywa. Lakini wewe pia huna mbolea. Tuko sawa. Tuanze."

Akachimba. Jembe lilipanda hadi kifuani na kushuka kwa uzito wake lenyewe, shimo likafunguka. Akatia mbegu mbili, akafukia kwa kisigino, akasogea. Akachimba tena. Magoti yalitetemeka kama mlango wa bati siku ya upepo, naye akayakemea kimoyomoyo kwa majina yake ya utani. Alipochoka alisimama na kuegemea mpini, akatazama mbele tu, akapumua, akaendelea. Kiu ilipomvamia alitoa chupa ndogo, akasukutua mdomo, na kisha, kwa ushujaa ambao hakuna medali yake, akatema. Maji yale mazuri ya mtungini, baridi, akayatema. Hebu jaribuni nyinyi.

Katikati ya shamba ndipo alipojeruhiwa, na aliyemjeruhi hakuwa adui. Miaka yote mstari huu ulikuwa wa watu wawili ingawa sheria ilimhesabu mmoja. Yeye alichimba, na Nasambu, nyuma yake, alidondosha mbegu na kufukia, akiwa hakai kimya hata kidogo, akilalamika kwamba mashimo ni ya panya, kwamba Wabwile analima kama anayefukuzwa. Mara mbili sasa mzee alichimba shimo, akasogea bila kutia mbegu, akingoja ile sauti. Mara mbili akarudi nyuma kutia mwenyewe. Mara ya pili alisimama pale kwa muda zaidi ya uliohitajika na magoti.

Ndipo trekta likanguruma barabarani.

Rotich aliliegesha kando ya uzio, akaona mtu shambani, akazima injini. Alikuwa mtu mzima mtulivu, mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, aliyekuja na haro lake la kuvunja madongoa nyuma na hakuambiwa habari yoyote ya mstari. Tonny akatoka nyumbani mbio, mswaki mdomoni, fulana ya kampeni yenye picha yake mwenyewe kifuani. Majirani, ambao kwa kawaida huwezi kuwapata ukiwa na kazi, wakajitokeza. Na pale uzioni, mbali kwa kipimo cha heshima, Nakhumicha alisimama na jagi la maji ambalo alijua halitanywewa.

Wabwile aliwaona wote, hakusalimu mtu. Hatua kwa hatua alisogea, shimo, mbegu, kisigino, na barabara ikakaribia hata akaweza kuona uso wa Rotich. Mashimo machache yalikuwa yamebaki. Hapo ndipo magoti, baada ya kuvumilia mengi, yakajiuzulu. Hayakuvunjika, yalilegea tu, kwa utaratibu, na Ngao ya Mpakani akashuka chini akaketi kwenye udongo wenye unyevu, miguu imenyooka mbele, jembe mapajani, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Kuku mmoja alikuja kuangalia.

"Mnaona sasa?" Tonny akasema, akatema povu la mswaki, akaruka uzio. Alikwenda kwa hatua kubwa, mikono mbele, tayari kumshika baba yake kwapani na kumnyanyua. Kama moyo wake wakati huo ulijaa uchungu wa mwana au furaha ya mkodishaji, historia haiwezi kusema, maana Tonny mwenyewe hakujua.

"Baba Joy, usimguse."

Nakhumicha hakupaza sauti. Tonny akageuka.

"Mzee anakufa hapo, wewe!"

"Hajafa. Amekaa. Ukimshika, mstari ni wako, na wewe unajua hivyo, na watu wote hapa wanajua hivyo. Sasa mshike tuone."

Majirani wakamtazama mgombea wao. Mgombea akatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa mbele, akatafuta mahali pa kuiweka, akaishia mifukoni.

Wabwile alijaribu kuinuka. Alisukuma kwa mkono wa kulia, akainuka kiasi cha kiganja, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Alikuwa amezoea kuvutwa kutoka mbele. Mwaka mzima mwili wake ulifundishwa njia hiyo moja tu. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyepotewa na mlango wa nyumba yake. Na hapo Nakhumicha akaona analohitaji, akawa na tatizo zito kuliko la mkwewe, kwa maana aliijua njia, lakini njia ilipita mahali pasipotajika.

"Baba," akasema akitazama mikaratusi, "ng'ombe akilala, anaamkaje?"

"Anasimama," Wabwile akajibu kwa hasira.

"Anaanza wapi, Baba?"

Mzee akafikiria. Alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote. "Nyuma."

"Ndiyo hivyo."

"Nyuma ipi?"

Majirani wengine walianza kukohoa. Nakhumicha akafunga macho. "Ile ya ng'ombe, Baba. Geuka kwanza, upige magoti, utazame chini. Halafu ng'ombe ainuke."

Wabwile akaelewa. Akalala ubavu, akageuka, akapiga magoti, akashika jembe kwa mkono wa kulia na kulisimika. Kisha akatenda tendo ambalo vitabu vya shule havitalichora: aliinua nyuma kuelekea mbinguni, polepole, mbele ya Rotich, mbele ya trekta, mbele ya fulana yenye picha, gambuti moja likapata mahali, la pili likafuata, akapanda mpini kwa kiganja kama anavyopanda mtu ngazi, na mgongo ukafuatia, na kichwa kikaja mwisho, kimejaa udongo. Akasimama. Hakushikwa na mtu. Alisimama akiyumba kama mlingoti, akapumua, akatazama kama kuna aliyecheka. Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alikuwa anajipangusa macho, akasingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

Mashimo yaliyobaki aliyachimba yote. La mwisho lilikuwa kwenye ukingo wenyewe wa barabara, karibu na gurudumu la trekta. Akatia mbegu mbili, akafukia kwa kisigino, akagonga udongo mara moja zaidi kwa jembe, kama mtu anayefunga barua kwa mhuri.

Rotich alikuwa ameshavua kofia. Alimsalimu mzee kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, ndipo akamgeukia Tonny. "Nilikodishiwa shamba lisilo na mtu," akasema. "Hili lina mwenyewe. Pesa zangu utanirudishia pole pole, bana, sina haraka." Akapanda trekta lake, akalirudisha nyuma kwa uangalifu mkubwa ili asikanyage shimo la mwisho, akaenda zake.

Nakhumicha alileta kile kiti cha mbao kutoka barazani, akakiweka chini ya mikaratusi, akarudi nyuma. Wabwile akakaa, safari hii kwa kutaka. Aliiweka mbegu iliyobaki juu ya goti, akalitupa jembe mbele ya miguu ya mwanawe.

Tonny alilitazama lile jembe. Alitazama majirani, ambao walikuwa wapiga kura. Alitazama mkewe, na hapo ndipo alipoinama akaliokota. Akavua viatu vyake vya ofisi, akakunja suruali, akaanza mstari wa pili, kando ya ule wa baba yake. Alichimba kwa nguvu nyingi na macho kidogo. Hakuwa ameshika jembe tangu alipopata kiti cha kamati.

Wabwile alimwacha aende mbali kidogo. Kisha akanena, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, sauti ambayo boma lile lilikuwa halijaisikia tangu mwaka uliopita:

"Tonny. Mstari wako umepinda."

Basi liwekwe katika kumbukumbu za nchi hii, mahali ambapo panya na maafisa hawafiki, kwamba mwezi wa Machi, mvua ilipoanza, mtu asiye na figo aliinuka kutoka mavumbini kwa njia ya ng'ombe, akapanda alichopaswa kupanda. Na kwamba siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza tangu kaunti zianzishwe, kiongozi aliambiwa na raia kwamba amepinda, akasimama, akatazama nyuma, akarudi mwanzo, akanyoosha.